Tumeyaona Maporomoko, Lakini Insha Zetu Zimeona Nini?

Katika toleo lililopita la kijarida hiki zilitoka insha sita kuhusu safari moja. Wengi wenu mnaijua: ile safari ya wikendi ya kikundi chetu cha kusoma na kuandika, kutoka hapa Kyangwali mpaka maporomoko ya Murchison. Tulikuwa marafiki 12. Tulichanga kidogo kidogo kwa miezi tisa, elfu moja moja, elfu mbili mbili, wengine waliuza debe la mahindi, na shirika moja likatusaidia gari na mafuta. Mimi ndiye niliyeongoza safari, na mimi ndiye niliyewaomba wenzangu waandike. Kwa hiyo nikizikosoa insha hizi leo, najikosoa na mimi. Majina ya waandishi sitayarudia hapa. Haya ninayoyasema nimeshawaambia uso kwa uso. Wawili walininunia wiki nzima. Wengine wakaniambia: andika, tukusome.

Nianze na sifa, maana mkosoaji asiyejua kusifu ni mgomvi tu. Insha zote sita zina Kiswahili kizuri. Zimesomwa. Kuna mama mmoja jirani yangu asiyejua kusoma ambaye mwanawe alimsomea zote jioni moja, wamekaa nje kwenye mkeka, na yeye akawa anasema, "Aa, Mungu ni mkubwa." Kitu kama hicho si kidogo. Vijana wa kambi kuandika juu ya kitu kizuri walichokiona, badala ya kuandikwa na wengine, ni jambo la kupigia makofi.

Lakini nilipozisoma zote sita kwa mfululizo, usiku mmoja, kwa tochi ya simu, kitu kikanisumbua. Niliona kwamba tano kati ya hizo sita ni insha moja iliyoandikwa mara tano. Ya sita ni tofauti, nitaifikia.

Hizo tano zinaanza alfajiri. Jua linachomoza "kama dhahabu". Gari linaondoka, tunaimba. Halafu ghafla tumefika, kana kwamba kutoka Kyangwali mpaka kule ni kuvuka barabara tu. Maji "yananguruma kama simba". Upinde wa mvua unatokea. Mwandishi anasema, "nilisahau shida zangu zote." Kisha anasema pale ni mahali "ambapo mkono wa binadamu haujagusa." Anamshukuru Muumba, analishukuru shirika, anarudi nyumbani "akiwa mtu mpya." Insha tatu zina huyo simba anayenguruma, na sisi safari nzima hatukuona simba hata mmoja, wala kumsikia. Tuliona nyani, tembo kwa mbali, mamba, na viboko wengi mpaka tukaacha kuhesabu. Lakini simba ndiye aliyeingia kwenye insha, kwa sababu simba tulikuwa naye tayari kichwani kabla ya kuondoka.

Maneno haya tuliyatoa wapi? Mengine yametoka shuleni. Tulifundishwa kwamba insha ni kupamba, tukakariri misemo, na kila mada mwalimu akiileta tunaimwagia misemo ileile, iwe harusi, iwe mazishi, iwe mpira. Mengine yametoka kwenye vile vikaratasi vya watalii vilivyokuwa mezani kwenye nyumba ya wageni pale Masindi, ambako tulilala wanne wanne chumba kimoja. Nilivisoma na mimi. Vina picha ya maji, na maji peke yake, hakuna mtu. Tukarudi nyumbani tukaandika kwa macho ya kile kikaratasi. Macho ya kuazima hayaoni uongo lakini hayaoni mengi.

Sasa niwakumbushe wenzangu yale tuliyoyaona kwa macho yetu wenyewe, ambayo hakuna insha kati ya zile tano iliyoyataja.

Kwanza, mlangoni. Pale pana ubao wa bei. Raia wa Afrika Mashariki ana bei ya chini, mgeni anayeishi nchini analipa zaidi, na mgeni anayetoka nje analipa zaidi ya wote. Tukatoa kadi zetu za ukimbizi. Askari akazitazama, akatutazama, akamwita mwenzake. Sisi ni nani kwenye ule ubao? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo Mkongomani ni mtu wa Afrika Mashariki, si ndiyo? Lakini sisi hatukuwa na pasipoti ya Kongo. Tulikuwa na kadi ya Uganda inayosema kwamba tumeikimbia Kongo. Tulisimama pale karibu saa nzima juani. Mwenzetu mmoja akatania, "Mzee, tuandikie bei ya nne, ya watu wa katikati." Askari mwenyewe akacheka. Hawakututendea vibaya hata kidogo, na mwishowe tukalipa bei ya chini tukaingia. Lakini niambieni, katika safari nzima, kuna kitu kilichotuhusu zaidi ya ile saa moja? Mtalii wa London hawezi kuiandika saa ile. Sisi tu ndio tungeweza, na tumeiruka.

Pili, mbung'o. Tulipoingia tu hifadhini, wakaingia garini. Dakika kumi nzima kila mtu alikuwa anajipiga makofi, shingoni, mgongoni, na dereva anapiga kelele tufunge vioo, na kwa joto lile tunavifungua tena. Kando ya barabara tukaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti, ndiyo mitego yao. Tulicheka mpaka machozi. Kwenye insha, hata mbung'o mmoja hayumo. Labda waandishi waliona mdudu anaharibu uzuri.

Lakini yule mdudu ndiye mwenye historia ya mahali pale. Mbung'o hueneza ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi sana Uganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu waliokuwa wakiishi kando ya mto Nile. Vijiji vikabaki mahame. Wanyama wakachukua nafasi. Mwaka 1952 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo ile sentensi nzuri, kwamba pale mkono wa binadamu haujagusa, si kweli. Mkono wa binadamu uligusa, ulilima, ulipika, ulizika. Kisha binadamu akaambiwa aondoke. Na sisi, watu ambao vijiji vyetu vya Djugu vimebaki majani, ndio tumesimama pale tukaandika kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Siku moja mtalii akipita kwetu, akaona nyasi ndefu na ndege wazuri, na yeye ataandika hivyohivyo.

Tatu, jina. Insha zote tano zimeandika "Murchison" na kuendelea. Murchison alikuwa mkuu wa chama cha wanajiografia kule London, na Mwingereza Samuel Baker ndiye aliyeyapa maporomoko jina lake mwaka 1864. Idi Amin alipokuwa madarakani yakaitwa Kabalega, baadaye yakarudia Murchison. Kabalega huyu alikuwa Omukama, mfalme wa Bunyoro, ardhi hii hii tunayolima sisi leo. Alipigana na Waingereza miaka mingi. Mwaka 1899 wakamkamata, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli, visiwa vya mbali baharini. Alikaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 1923 akaruhusiwa kurudi, na akafia Jinja, akiwa njiani, hajafika kwao.

Mimi nilipoisoma habari hii nilikaa kimya muda mrefu. Maporomoko yale yaliwahi kuwa na jina la mtu aliyeishi uhamishoni miongo miwili na kufa safarini kurudi nyumbani. Wakimbizi 12 wamesimama mbele yake wakapiga selfi. Sisemi tungelia. Nasema tungejua.

Hapa naomba nimlete Baker mwenyewe, maana yeye ni kama babu wa insha zetu. Kitabu chake kuhusu safari ile kilitoka mwaka 1866, na kwa sababu ni cha zamani kinapatikana bure kwenye intaneti. Nilikisoma kwa simu, polepole, na kamusi pembeni. Nilitegemea kukichukia kabisa. Mambo hayakuwa rahisi hivyo.

Ni kweli kwamba yeye ndiye aliyeanza kutazama nchi hii kwa namna tuliyoiiga. Tarehe 14 Machi 1864 alisimama juu ya ukingo upande huu wa Bunyoro, akaliona ziwa chini yake na milima ya Kongo ng'ambo. Akalipa ziwa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyekuwa ameshafariki. Lakini hakuwa hajui kwamba lina jina. Ndani ya kitabu chake mwenyewe anaandika jina alilolikuta: Luta Nzige. Wanyoro wanasema Mwitanzige, yaani muua nzige, na sisi Waswahili wa Ituri hatuhitaji mkalimani kwa hilo, nzige ni nzige. Alilijua jina, akaliandika, kisha akaweka lake juu yake. Upande wetu, Mobutu naye miaka ya sabini akalipa ziwa jina lake mwenyewe. Kila mkubwa aliyesimama ukingoni aliona maji na kuona kioo cha kujitazama.

Ila katika jambo moja Baker anatushinda, na lazima tukubali. Yeye anaandika njia. Homa yake imo. Homa ya mkewe, aliyefika ziwani akiwa dhaifu hata kuteremka ule mteremko ilikuwa shida, nayo imo. Imo njaa, yamo magomvi na wapagazi, zimo siku za kukaa tu kusubiri mitumbwi na wapiga makasia. Watu wa nchi anawadharau mara nyingi, na hilo msimsamehe. Lakini msomaji anajua kwamba kufika pale kuligharimu kitu. Kwetu sisi, tulioondoka saa kumi usiku, tuliobeba barua yenye majina yetu, tuliotapika kwenye kona za Hoima, hakuna gharama kabisa. Tumeandika kama watu wenye helikopta.

Na nne, kicheko. Hili naliweka kwa sababu najua mtasema nataka mambo ya huzuni tu. Kule ambako boti zinaanzia panaitwa Paraa. Wenzetu wawili ni Waalur, wa kutoka Mahagi. Waliposikia lile jina wakatazamana wakaanza kucheka: kwa lugha yao linaeleweka, ni kwa viboko. Wamevuka mpaka, wamepita wilaya ngapi, wamefika kwenye mahali pa watalii, na mahali penyewe panawasalimia kwa lugha ya mama yao. Mmoja akasema, "Kumbe huku ni kwetu!" Siku nzima akawa anatembea kifua mbele, anatukaribisha. Naye ameandika insha. Kwenye insha yake kuna simba. Kwa Paraa hakuna hata neno.

Nilipowasomea wenzangu haya, mmoja alikasirika akaniambia kwa sauti: "Kaka, weye unataka tuandike vita kila siku? Si tumechoka na ile mambo? Mi nilienda kule kupumuzika. Niliona maji, nikafurahi, basi."

Ana haki. Nimelifikiria neno lake kuliko yote. Kuna watu wengi wanaotaka mkimbizi aandike machozi tu, na anayeandika machozi mazuri anaitwa kwenye warsha. Kijana aliyechoka na hilo akaamua kuandika maji na upinde wa mvua, anajaribu kuwa mtu wa kawaida kama watu wengine, na mimi ni nani nimzuie? Furaha yake ilikuwa ya kweli. Nilimwona pale juu ya maporomoko, mto mzima unabanwa kwenye mwamba wenye upana wa kama mita 7 na kuanguka zaidi ya mita 40, moshi wa maji unamlowesha shati, na yeye anapiga kelele ambazo hata mwenyewe hazisikii. Alinyoosha mikono, akafunga macho, akafungua mdomo akanywa ule ukungu. Hiyo ndiyo furaha. Lakini kwenye insha ameandika "nilifurahi sana." Shati halimo, mdomo haumo. Ninachomlaumu ni kwamba furaha yake kubwa ameivalisha nguo ya mtu mwingine. Vita sikumwomba.

Na ile "nilisahau shida zangu zote" aliyoiandika si yake peke yake. Mimi ndiye niliyempa. Shirika lililotupa gari lilikuwa na fomu, na kwenye fomu kuna kisanduku cha matokeo. Kabla ya safari niliwaambia wenzangu, "Mkiandika, msisahau kusema safari imewasaidia." Baada ya safari nikajaza: vijana 12, wasichana 5, wavulana 7, wamepata ahueni ya kisaikolojia. Nikaambatanisha picha, wote tumevaa fulana zenye nembo, tunacheka. Ripoti yangu ilikuwa insha ya saba, na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu wenzangu walipamba kwa kupenda na mimi nilipamba kwa kuogopa tusinyimwe gari mwaka kesho.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, ninyi pia mnakwenda Murchison. Ijumaa jioni tunaona magari yenu yanaondoka na mabegi na kikapu cha chakula. Hakuna ubaya, mtu akichoka apumzike. Lakini mkirudi Jumatatu hakuna anayewauliza kama maporomoko yamewaponya. Hakuna fomu. Mmekwenda kwa sababu ni pazuri na mna marafiki wa kwenda nao, na sababu hiyo inatosha. Itutosheni na sisi. Mkitupa gari, tutashukuru kwa dhati. Lakini msitudai tumerudi watu wapya. Tumerudi walewale, tumelowa, tumechoka, tuna mbu na mbung'o mwilini, na tuna cha kusimulia.

Sasa insha ya sita. Imeandikwa na msichana ambaye hakupanda boti. Pale Paraa sote tulipanga foleni, boti inakwenda juu ya mto mpaka karibu na chini ya maporomoko, na ndiyo sehemu tuliyoilipia pesa nyingi. Yeye akasema atabaki na dereva. Tukambembeleza. Akasema, "Nendeni tu, nitawaangalizia mizigo." Tukaenda.

Insha yake ni ukurasa mmoja na nusu. Haina maporomoko kabisa, kwa sababu yeye alibaki pale gatini mchana wote. Imeandika kivuli cha mti. Imeandika dereva anavyomenya karanga kwa mkono mmoja huku akilalamikia bei ya tairi. Imeandika sauti ya kiboko, na hakusema ananguruma kama chochote, amesema ni kama mzee anayecheka peke yake. Imeandika boti ilivyokuwa inaondoka na sisi tunapunga mikono. Halafu kuna sentensi hii: "Jaketi zilikuwa nyingi kuliko watu." Sentensi inayofuata inarudi kwenye karanga.

Mfanyakazi mmoja wa shirika aliniuliza jaketi gani, na kwa nini amezitaja. Ni jaketi za kuelea, zile za rangi ya machungwa ambazo kila abiria huvalishwa kabla boti haijaondoka. Zilizobaki zilikuwa zimerundikwa gatini, mbele yake. Kwa nini amezitaja, nilimwambia aulize jirani yeyote wa Maratatu au Kasonga. Mwanzoni mwa mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walivuka lile ziwa, kutoka Tchomia na Kasenyi mpaka Sebagoro, kwenye boti za kuvulia samaki. Na mimi nilikuwemo, nikiwa na miaka 16. Hapakuwa na jaketi. Ziwa lina upana wa kama kilomita 30, na boti ikijaa, kilomita 30 ni nyingi. Maji ya maporomoko tuliyokwenda kuyashangaa yanateremka mpaka ziwa hilohilo, yanamwagika kwenye ncha yake ya kaskazini. Haya yote yeye hakuyaandika. Ameandika maneno matano, akarudi kwenye karanga. Nilipomsifia aliniambia tu, "Mbele ya ile maji weye uko naona boti ya watalii. Mi niko naona ile usiku. Lakini karanga zilikuwa tamu, kweli."

Insha yake ina makosa pia. Mwisho unakatika kama kalamu ilikwisha wino. Dereva anazungumza mno, tairi zinatuchosha. Na hajatuambia kama alijuta kubaki, jambo ambalo msomaji anataka kujua na ana haki ya kujua. Lakini ukiifunga, unajua ni nani aliyekuwa pale, alikaa wapi, na alikuwa anatazama kutokea wapi. Zile tano nyingine ningeweza kuzibadilishia majina ya waandishi na hakuna ambaye angegundua, hata wao wenyewe.

Kwa hiyo kwa toleo lijalo naomba mambo machache. Mkiandika matembezi, andikeni mmefikaje: pesa, gari, mlango, barua, matapishi. Ulizeni ni nani aliyekuwa pale kabla yenu na mahali paliitwaje. Waulizeni Wanyoro, wako hapa hapa jirani, wana majina ya kila kilima. Andikeni kitu kimoja ambacho wewe ulikiona na aliyekaa kando yako hakukiona. Kama hamkuona simba, msimwandike. Na kama mmefurahi, tuonyesheni shati limelowa.

Mimi pia nina deni. Ripoti ile siwezi kuirudisha, lakini insha yangu ya safari sijaiandika, na nitaiandika kuhusu ile saa moja mlangoni.

Wakati huohuo, Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna maharage, kikundi kitakwenda ukingoni, kule ambako nchi inakatika na ziwa linaonekana chini. Ni hapa hapa Kyangwali, tunakwenda kwa miguu, hakuna tiketi. Chini ufukweni Buhuka mtaona mitambo ya mafuta. Siku isiyo na ukungu, ng'ambo mtaiona milima ya bluu, na hakuna anayehitaji kuambiwa milima ile ni ya nani. Anayetaka kwenda kufurahi tu, aje afurahi. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi kutoka kituo cha vijana. Njoo na daftari, kalamu, na maji yako ya kunywa.